Bibi Huenda na Harusi ya Yule Bwana

Mdogo wangu ni mtabiri wa hali ya hewa. Mtaani wanamwita Bibi Huenda, kwa sababu neno hilo analipenda kuliko mumewe. Mimi niliachishwa shule ili nimbebe mgongoni. Yeye akasoma hesabu, fizikia na jiografia mpaka chuo kikuu, kisha akapelekwa kituo cha hali ya hewa kujifunza kutazama. Ndiyo, kutazama. Kila saa alitoka nje kusoma vipimajoto kwenye kisanduku cheupe chenye miguu, akapima maji ya mvua, akainua shingo kukadiria mawingu yamefunika anga kiasi gani. Siku hizi anakaa mbele ya kompyuta zenye ramani za rangi rangi. Anayeitamani kazi hiyo ajiandae: unasoma hesabu mpaka unaota mvi, halafu unalipwa kusema huenda.

Mwaka huu yule bwana aliyenitelekeza na watoto aliamua kumwoa binti wa saluni, harusi uwanjani, Jumamosi mchana. Bila haya akaja kwa mdogo wangu kuulizia mvua. Nilikuwa humo humo, jikoni, nasikia yote.

"Shemeji, nikodi mahema au niache?"

Nilimvuta mdogo wangu jikoni. "Mwambie jua litawaka. Nataka alowe yeye na keki yake."

"Siwezi, dada. Nikianza kudanganya, kesho rubani akiniuliza hali ya anga nitamwambia nini?"

"Rubani hajanitelekeza mimi."

Akaninyang'anya mkono wake, akarudi sebuleni. "Uwezekano wa mvua mjini ni asilimia sabini, shemeji. Kodi mahema."

Bwana akacheka, akatupa jicho mlango wa jikoni. "Dada yako ndiye kakutuma, nipoteze hela bure. Nawajua nyie." Akaondoka, mahema hakukodi.

Nilibaki nimeziba mdomo kwa kanga nisipige vigelegele. Ukweli ulikuwa umenifanyia kazi ambayo nilitaka uongo uifanye.

Jumamosi niliketi mlangoni kwangu na chai, kama mtu anayesubiri sinema ianze. Mchana upepo ukageuka, wingu likajaa, jeusi kama sufuria ya msibani. Mvua ikashuka kwa matusi. Nikampigia simu mwanangu, aliyekwenda kula keki ya baba yake.

"Wamelowa?"

"Wapi, mama. Huku jua kali. Bibi harusi poda inamtiririka tu."

Mdogo wangu akaingia ametota, meno yote nje. "Umeona, dada? Imenyesha."

"Imenyesha kwangu."

"Nilisema mjini, sikusema uwanjani. Wingu la namna hii hunyeshea mtaa mmoja, likaruka wa pili."

Chuo kikuu kizima kilikuwa kimesimama mbele yangu kinachekelea, na paa linavuja juu ya kitanda. Nikamkabidhi beseni, nikamwambia alishike hapo hapo, juu ya godoro, na habari za wingu akamweleze rubani.