Kadi ya Kompyuta Niliyoipaka Mafuta ya Karanga

Mjukuu wangu Neema alitamani kadi ya picha, ile inayowekwa ndani ya kompyuta ili mchezo wake wa magari usikwamekwame. Fedha ilitosha kununua ya mtumba tu. Nikamwambia, "Niachie mimi, bibi yako hajawahi kuuziwa kuku mgonjwa!" Dukani nikachagua iliyo nzito kuliko zote. Ilikuwa na vumbi, na zawadi chafu mimi sitoi. Nyumbani nikaifuta, nikaipaka mafuta ya karanga, ikang'aa kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Kesho yake nikarudi dukani na Neema na kompyuta yake, fundi wa pale akaifunga, wateja wakitazama. Magari yakakimbia, nikapiga vigelegele. Mara kadi ikapata moto, duka zima likanukia karanga za kukaanga.

"Bibi," Neema akasema, akicheka mpaka machozi, "umeipaka mafuta, kama ulivyokuwa ukinipaka mimi nikienda shule?"