Kadi Yangu Yenye Muhuri

Jumamosi iliyopita nilikuwa mwamuzi wa mashindano ya mchezo wa kadi kati ya vijana wa Nachingwea na wa Ruangwa. Wengine walikuja na kadi za promosheni, zile zinazogawiwa bure mchezo unapotangazwa, na ilibidi niseme zipi ni halali. Sikujua. Ila mimi ni mwalimu, nikaona aibu kukiri.

Mfukoni nilikuwa nayo moja niliyoitoa nyumbani, ina muhuri wa dhahabu. Basi nikatangaza, "Kadi ya promosheni isiyo na muhuri haichezwi."

Zuhura, nahodha wa Ruangwa aliyetoka Mbekenyera kwa bodaboda, akaziondoa kadi zake bora bila kubisha. Timu yake ikafungwa vibaya. Nami nikasimama mbele ya wote kueleza busara ya uamuzi wangu, nimeinua kadi yangu juu kama kombe.

"Samahani, mwalimu," alisema Zuhura, aliyekuwa nyuma yangu. "Huku nyuma ya kadi yako kumeandikwa kitu."

"Soma kwa sauti, wote wasikie."

Akasoma taratibu: "Kadi ya maonyesho tu. Hairuhusiwi mchezoni."

Waliocheka zaidi ni wanafunzi wangu.