Mpiga Dramu Aliyekatazwa Kugusa Dramu

Watu wa Ilomba, kule Mbeya, wakimtaja Malimi Nkuba husema alikuwa mpole. Neno hilo linanichefua. Mpole ni jina wanalompa mtu waliyemwonea mpaka akanyamaza, ili wao walale usingizi. Mimi Anyitike nilikuwa mpiga besi wa bendi ya Baridi Jazz, nasimama ubavuni mwa dramu zake, na nakwambia Malimi hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mtu wa kuangalia wenzake, basi.

Tabia hiyo aliitoa shambani. Baba yake alihama na ng'ombe kutoka Usukumani wakaja kukaa kwenye mbuga za Usangu, na huko waliendelea kulima kama walivyolima kwao: watu wamejipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka kwa kufuata ngoma. Mpiga ngoma hutangulia akienda kinyumenyume, uso kawageukia wanaolima. Akimwona mama mmoja ameanza kuchelewa kuinua jembe, anaivuta ngoma kidogo, mama anapata pumzi, anaingia tena kwenye mstari, na wengine hata hawajui kuwa wamemsubiri. Malimi alipewa ngoma hiyo akiwa bado mchunga ndama.

Alikuja Mbeya wakati reli ya Zambia inajengwa, akabeba mataruma ya kulazia reli mchana na kujifunza dramu jioni. Kwenye dansi alifanya yaleyale ya shambani. Dada aliyevaa viatu virefu, mlevi ambaye magoti hayamtii, wote aliwachukua. Ukimuuliza anajibu, "Dramu ziko palepale, ndugu yangu, haziendi popote. Mimi naangalia miguu."

Sasa ngoja nikwambie habari za Liberatus, na unisamehe nikitukana. Vyombo vyote vilikuwa vyake, kuanzia gitaa mpaka spika, na kwa bendi za siku zile mwenye vyombo ndiye mwenye watu. Alikuwa na baa Ilomba na ukumbi Iringa mjini. Alituita "ndugu" tukiwa kazini, na tukidai haki yetu alituita "nyie". Mwaka sabini na sita alipanda treni kwenda Zambia, akarudi amekumbatia kisanduku cha mbao kana kwamba amebeba mtoto mchanga. Mbele kilikuwa na swichi: rumba, chacha, walisi. Unabonyeza moja, spika inatoa mlio wa dramu ambazo hakuna mtu aliyezipiga.

"Hii ndiyo dunia ya sasa," alitutangazia. "Haichoki, hailewi, haiumwi."

Siku ya kwanza watu walikaa vitini wakatutazama. Mwimbaji akilia, kisanduku kilekile. Gitaa zikipanda, kisanduku kilekile. Kilikuwa kama mtu anayekujibu "ndiyo" kwa kila unachosema, mpaka unatamani umzabe kofi. Liberatus akaona aibu, lakini aibu yake haikumrudisha kwenye akili. Alimwita Malimi, akamketisha kwenye kigoda kando ya kisanduku, akamwambia, "Hebu kichangamshe hiki."

Na Malimi akakichangamsha! Ndiyo maana nasema hasira zangu haziishi. Kulikuwa na kitufe cha kuzungusha cha mwendo, akakiwekea kidole gumba. Mwimbaji akiingia, anakirudisha nyuma kidogo tu, hata huoni kidole kikisogea. Gitaa zikipanda, anakisogeza mbele. Mara anazima mlio wa sahani za dramu kwa mzunguko mmoja, mara anaurudisha ukiwa umechelewa kidogo, na yote hayo macho yake yako kwenye miguu ya watu. Wiki chache baadaye Ilomba nzima ilikuwa inacheza na kisanduku.

Ndipo Liberatus akaja na mashine ya kurekodi. "Redio wanataka nyimbo zetu," alisema. Uongo mtupu. Alitaka kanda ya mapigo ya kisanduku peke yake, Malimi akikiendesha, mwanzo mpaka mwisho wa kila wimbo. Ilikuwa asubuhi, baa imefungwa, na Malimi akagoma.

"Bosi, nitapigaje hapa? Namwangalia nani, viti?"

Malimi akaenda kumleta mke wake, Regina. Shemeji alicheza peke yake katikati ya baa ile, mtoto mgongoni, huku anatucheka sote. Katika wimbo wa harusi, mtoto aliteleza. Regina akasimama, akainama, akamrusha mtoto juu ya mgongo na kukaza kanga. Malimi akayashikilia mapigo kwa kidole gumba mpaka fundo lilipokaa, kisha akayaachia. Kanda ikayameza yote hayo. Pale ndipo palipokuwa patamu kuliko pote.

Redioni haikufika. Safari iliyofuata ya Iringa, Malimi aliambiwa, "Ndugu, wewe pumzika." Tulipiga na kanda, mashine imefichwa nyuma ya pazia, na dramu zake zimewekwa jukwaani kama pambo. Liberatus aliipigapiga ile mashine mgongoni akasema, "Malimi tunaye humu." Na watu walicheza, tena walicheza vizuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo wenyewe.

Niliporudi Mbeya nilikwenda moja kwa moja kwake, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na Regina yumo?" akauliza.

"Yumo."

"Na mtoto?"

"Naye yumo."

Akaipiga teke ndoo ya maji, ikaviringika mpaka barabarani. Huyo ndiye mpole wenu. Kisha akaenda kwa Liberatus, na hakuomba kitu kingine, alitaka kiti chake nyuma ya dramu. Liberatus alimjibu kuwa atafikiria.

Alifikiria pale alipobanwa. Mzee Kalinga wa Kalenga, nje kidogo ya Iringa, alikuwa anamwoza binti yake, Esta, na alikodi ukumbi pamoja na bendi. Wenye harusi walikuwa wamesikia minong'ono kuwa tunapiga na kanda, wakasema wanataka kumwona mpiga dramu kwa macho yao. Malimi akaitwa Iringa. Mimi nilikuwepo alipopewa masharti.

"Utakaa kwenye dramu," Liberatus alimwambia. "Utarusha mikono kama unapiga, lakini usiguse kitu. Kanda itafanya kazi. Ukinifanyia vizuri leo, kiti chako unakipata."

Malimi alinitazama. Nilitaka aondoke. Lakini kiti alikitaka mno, akakubali, na mchana ule nilimwona rafiki yangu akipunga vijiti hewani kama mtu anayefukuza nzi. Watu wakampigia makofi. Jasho lilimtoka na Iringa ile ilikuwa baridi.

Ukafika ule wimbo wa harusi, zamu ya baba kucheza na bibi harusi. Mzee Kalinga aliwahi kuangukiwa na gogo msituni, na mguu wa kushoto haukunyooka tena. Alimshika Esta mkono, akaanza. Alijitahidi, maskini. Lakini kanda ilikuwa inamfuata Regina, haikumjua mzee huyu. Mahali pa mtoto kuteleza palipofika, mapigo yakasubiri wakati mzee amesimama kwenye mguu mzima, hana haja ya kusubiriwa. Yalipoachiwa, ndiyo kwanza alikuwa anauinua ule mbovu. Akayumba. Esta akamdaka. Wakaanza tena, akayumba tena, na kule nyuma vijana wakaanza kucheka.

Vijiti vya Malimi viliganda hewani. Kisha vikashuka.

Alipiga dramu kwelikweli, polepole, macho kwenye ule mguu. Nami nikaiacha kanda, nikamfuata na besi. Mzee akaupata mwendo. Hatua moja, ya pili, na ya tatu akamzungusha binti yake, Esta akacheka kwa sauti. Lakini kanda nayo ilikuwa inaendelea kwenye spika. Malimi wawili walikuwa wanagombana ukumbini. Mwimbaji akapotea, mpiga gitaa akaacha, watu wakasimama midomo wazi.

Liberatus akapanda jukwaani mbio. Nilidhani anakwenda nyuma ya pazia kuizima mashine. Hakwenda. Alimpokonya Malimi vijiti mkononi, akamnong'oneza, "Kiti umekikosa, ondoka," kisha akawageukia wageni akitabasamu na kuwapungia waendelee.

Kanda ikaendelea, safi kabisa. Kule chini, Mzee Kalinga alimwachia binti yake mkono. "Nisamehe, mwanangu," alimwambia, "huu mguu wangu umekuharibia harusi." Akachechemea kwenda kukaa.