Miaka Aliyonyimwa Idalberto Quiala

Pale mjini Guantánamo walimwita Idalberto Quiala "Nyundo", na aliyemwona akipigana hakuuliza kwa nini. Alikuwa bingwa wa dunia wa uzani wa kati. Kilichobaki ni dhahabu ya Olimpiki tu, na kwetu Kuba bondia asiye na dhahabu hiyo huhesabiwa kama mtu aliyepita njia.

Mwaka mmoja kabla ya Michezo, timu ya taifa ilikwenda kupigana ng'ambo. Alipangiwa chumba na Maikel, bondia mwenzake aliyekua naye mtaa mmoja. Asubuhi ya kurudi nyumbani, wenzao wakiwa chini wanakunywa kahawa, Maikel alifunga mlango kwa ufunguo.

"Kuna gari linanisubiri nyuma ya hoteli. Twende zetu, Nyundo. Huku watakulipa kwa kila konde."

"Na mama yangu?"

"Si utamtumia hela?"

"Mama yangu anataka mtoto, hataki hela. Nenda, ndugu yangu. Mimi sijakuona."

Maikel akaenda. Idalberto akarudi na timu, na huko nyumbani wakubwa wa michezo wakamweka kitini wamhoji, maana kwetu mchezaji anayetorokea ng'ambo ni msaliti, na aliyejua akanyamaza ni msaliti mwenzake.

"Mlilala chumba kimoja. Unatuambia hukujua?"

Angesema kwamba alishawishiwa akakataa, angekuwa amekiri kwamba alijua na akanyamaza. Uaminifu wake wenyewe ukawa ndio mtego.

"Sikujua," akasema.

Hawakumwamini. Wakamfungia asipigane wala asikanyage ukumbi wa mazoezi, bila kumwambia hadi lini. Akapewa kazi kiwandani, kubeba magunia ya sukari.

Kocha wake, mzee Eugenio, alimfuata nyumbani siku moja tu, akasimama mlangoni bila kuvua kofia. "Mwanangu, wamenikataza hata kukushikia glavu. Nina familia."

"Nenda tu, mwalimu. Sina kinyongo."

Alikuwa nacho.

Akashindilia makapi ya miwa kwenye gunia, akalining'iniza uani na kulipiga kila atokapo kazini. Lakini ilikuwa ile miaka ya njaa Kuba nzima, ambapo chakula cha jioni kilikuwa maji ya sukari na kipande cha mkate. Mikono ikakonda, mgongo ukaanza kuuma kwa magunia. Mkewe, Migdalia, akawa anazipunguza suruali zake kiuno.

Michezo ilipofika, walikwenda kutazama kwa jirani mwenye televisheni. Aliyepigana kwenye uzani wake alikuwa Rosendo, kijana ambaye Idalberto alikuwa akimpiga kila walipokutana. Rosendo akatwaa dhahabu. Sebule nzima ikaruka na kupiga kelele, kisha mmoja mmoja wakamkumbuka aliyeketi nyuma, wakanywea.

"Twende nyumbani," Migdalia akamnong'oneza.

"Ngoja kwanza. Bado anaangusha mkono wa kushoto, umeona?"

Adhabu ilikuja kufutwa wakati nywele zake za kando zimeanza kuota mvi. Ofisa alipita kiwandani akasema, "Unaweza kurudi," kama anayemruhusu mtu kwenda chooni. Idalberto akarudi. Alihangaika hadi akafika fainali ya taifa, na mbele yake akasimama Rosendo.

Mkono wa kushoto wa Rosendo ukashuka, vilevile kama zamani. Idalberto akaiona nafasi, akaipeleka ngumi ya kulia, na ngumi ikafika mlango umeshafungwa. Ikawa hivyo raundi baada ya raundi. Katika ya mwisho akapigwa konde la ubavu, akapiga magoti, akasikia watu wa mji wake wakimcheka.

Baada ya kengele Rosendo akamkumbatia. "Kaka, ungekuwepo kule, dhahabu ile ingekuwa yako. Nami najua."

"Waambie hao, basi."

Rosendo akatazama jukwaa walikoketi wakubwa, akamwachia taratibu.

Idalberto akarudi kwenye magunia. Siku hizi akiwa kwa kinyozi huwasikia vijana wakibishana nani bondia bora aliyepata kutoka mjini.

"Na yule Quiala?"

"Quiala gani? Si ndiye aliyepigishwa magoti na Rosendo?"

Kinyozi, anayemjua, husita na mkasi hewani.

"Endelea kunyoa," Idalberto humwambia.