Simbilisi wa Skolastika Walipoacha Kulia

Mwanangu, iko siku moja ambayo hata nikisahau jina langu nitaikumbuka: siku mama yangu mzazi aliponiamuru nivue viatu, jua likiwa la utosi, mimi mwanaume mzima mwenye mke, nisimame juu ya kipande cha wavu wa kuku. Nilisimama. Ungemjua mama yangu usingeniuliza kwa nini.

Nakusimulia hili kwa sababu juzi ulipita hapa kwangu Ilembo umefunga mbao za paleti kwenye baiskeli, ukaniomba nyundo. Ukasema umepata simbilisi wawili na unataka kuwajengea kizimba cha maana, ukanionyesha na picha kwenye simu, kizimba cha ghorofa kilichopakwa rangi. Nyundo nikakupa. Ila nyundo bila maneno ni nusu ya msaada, kwa hiyo kaa kidogo, mbao hazitaoza. Kizimba cha simbilisi nusura kinipotezee mke.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Wazazi wangu walishuka kutoka kaskazini wakifuata malisho, nami nikakulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, pembezoni mwa Misunkumilo. Mke nilimpata Mishamo. Nilikwenda kutafuta mbegu ya maharage, nikarudi na mbegu na mawazo, na sikutulia mpaka wazee wakaenda kuzungumza na wazee wenzao. Jina lake Skolastika. Huyu huyu unayemwita bibi.

Siku anakuja kwetu, mama yake alimkabidhi kapu lenye simbilisi watatu: dume mweupe, jike wa madoamadoa, na jike mweusi aliyekuwa na mimba. Kwa watu wake simbilisi, vinyama hivi visivyo na mkia, hukaa jikoni. Huzunguka mafiga, hulala uvunguni, hula maganda na majani, na mtu akiingia na nyasi mkononi wote hupiga kelele kwa pamoja, wii, wii, mpaka wapewe. Mtoto wa nyumba hizo huzizoea kelele hizo kabla hajajua kutambaa.

Mama yangu alichungulia ndani ya kapu, akarudi nyuma.

"Panya jikoni kwangu? Mkwe nampokea kwa mikono miwili. Hao watafutieni pa kukaa nje."

"Sawa, mama," akasema Skolastika.

Basi nikajenga mimi. Sikumuuliza mtu, maana niliona najua. Nilisimika nguzo nne, nikakiinua kizimba mpaka usawa wa kifua ili nyoka asifike. Sakafu nikaiweka ya wavu wa kuku, mavi yadondoke chini yenyewe, nisihangaike na ufagio. Juu nikapiga bati jipya. Mbao nikazipaka oili chafu ya gereji, kwa sababu mchwa wa huku kwetu ukiwapa mgongo wanakula mlango na fremu yake. Ndani sikuweka kitu chochote. Niliona uwazi ndio usafi. Watu waliokuwa wakipita wanateremka kwenye baiskeli kutazama. Mmoja akasema, "Masanja, hao panya wako wanalala pazuri kuliko mimi," nami nikatembea nimetoa kifua siku nzima. Wahenga walikwisha kusema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini kijana mwenye bati jipya hasikii wahenga.

Siku za mwanzo wale wanyama walilia. Kisha wakanyamaza, na hapo ufugaji wangu ukanidanganya. Sisi tumefundishwa kusikiliza zizi. Ng'ombe mwenye kiu hulia, mwenye njaa hulia, aliyetenganishwa na ndama wake hulia. Akishiba hujilaza akacheua, na zizi lililo kimya ndiyo sifa ya mchungaji. Baba yangu alikuwa akija jioni anasimama langoni, anatega sikio, asiposikia kitu anasema, "Leo umechunga." Hakuwa na sifa nyingine kubwa zaidi ya hiyo. Kwa hiyo simbilisi waliponyamaza nikajipongeza.

"Umeona?" nikamwambia mke wangu. "Wametulia."

"Wametulia," akajibu.

Naye alikuwa ametulia. Alipofika kwetu alikuwa mtu wa kucheka, akiimba kinuni, akiuliza kila kitu kinaitwaje kwa Kisukuma na kukosea makusudi ili tucheke. Taratibu akaacha. Akawa anaamka, anachota maji, anapika, anajibu "ndiyo" na "sawa". Wenzangu walilalamika kwamba wake zao wana mdomo. Mimi nikawaambia wangu hana shida, ameshazoea. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya mshindo wenyewe nanoa panga.

Nilikuwa nanoa panga kweli asubuhi ile Skolastika aliponiambia, "Nataka nikamsalimie mama, Mishamo."

"Nenda," nikasema. Salamu ina ubaya gani? Hata uso sikuinua.

Mama alikuwa karibu, anapeta mahindi. Adhuhuri ilipofika nikasikia naitwa nyuma ya nyumba. Nikakuta amechukua kipande cha wavu kilichobaki nilipojenga, amekitandaza juu ya magogo mawili, juani.

"We Masanja. Vua hivyo viatu. Panda hapo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikapanda. Wavu ulibonyea, nyuzi zikaingia kwenye nyayo, na chuma kilikuwa cha moto. Nikataka kushuka.

"Bado," akasema, akachukua ungo wake akaendelea kupeta.

Nilihamisha uzito mguu huu, nikahamisha mguu ule. Jasho likanitoka. Mwishowe akaniuliza, bila kuniangalia:

"Unasikiaje?"

"Inauma, mayu." Ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Mbona hulii?"

"Nitalia vipi, mimi mtu mzima?"

"Haya. Basi nitawaambia watu umetulia."

Mwanangu, nilishuka pale bila kuruhusiwa. Akanishika mkono kama mtoto akanipeleka kwenye kizimba changu, akafungua mlango. Joto lililotoka chini ya lile bati lilinipiga usoni. Wote watatu walikuwa wamejibana kwenye kona moja palipokuwa na kivuli cha ubao. Yule mweusi mwenye mimba nyayo zake zilikuwa nyekundu, zimevimba. Midomo ilikuwa na weusi wa oili, kwa sababu simbilisi lazima atafune mti, meno yake hayaachi kukua, na mti niliompa ni ule. Nyasi za asubuhi hazikuguswa. Niliona aibu na huruma.

"Hawa si ng'ombe," mama akasema. "Mnyama mdogo akiumia ananyamaza. Akilia ataliwa." Kisha akapunguza sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Mimi nilivyoletwa huku nyuma ya ng'ombe wa baba yako, masika nzima sikufungua mdomo. Baba yako anawaambia watu nimezoea. Kumbe mimi mwenzake nakariri njia ya kurudi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyo mkeo haendi kusalimia, Masanja. Anakwenda."

Niligeuka kuutazama mlango wa nyumba.

"Na mimi nina langu," akaendelea. "Siku ya kwanza nilimfungia mlango wa jiko. Hilo nitaongea naye mwenyewe. Wewe nenda kaongee lako."

Nilimkuta Skolastika anakunja vitenge vyake. Vyote. Mtu anayekwenda kusalimia hakunji vyote. Nilikaa chini sakafuni, na kwa kuwa sikujua pa kuanzia nikaanza na simbilisi.

"Kile kizimba, ungekuwa wewe ungekijengaje?"

Alikunja kitenge kingine. "Leo ndiyo unaniuliza?"

"Leo ndiyo nakuuliza."

"Ukiniuliza habari ya simbilisi nitakujibu ya simbilisi. Ukiniuliza habari yangu nitakujibu yangu."

"Nakuuliza zote."

Akakiweka kitenge chini. "Nilikuwa sirudi," akasema. "Nyie hapa si watu wabaya. Hamjanitukana, hamjaninyima chakula. Ila toka nimefika kila kitu nakikuta kimeshaamuliwa. Pa kupikia, pa kulala, hata pa wanyama niliopewa na mama yangu. Nimesema sawa, sawa, sawa, mpaka maneno mengine yameniishia. Wale nawaangalia pale juu, najiona mwenyewe."

Nililia siku ile, mwanangu, na sikuona haya. Sikumwomba abaki. Nilimwambia, "Nifundishe kujenga. Halafu Mishamo nitakupeleka mwenyewe, na kurudi au kutorudi utaamua ukiwa kwenu." Nilipoyasema hayo niliogopa kweli, kwa sababu nilijua anaweza kunijibu kule kule kwao kwamba harudi.

Tulibomoa ghorofa yangu siku iliyofuata. Yeye akisema, mimi nikifanya. Akachagua mahali: chini, ukutani mwa jiko kwa nje, upande unaopata jua la asubuhi na kivuli mchana. Akamwambia mama, "Hapa hawaingii ndani, lakini watapata joto la moto wako," na mama akasema hapo hana ugomvi. Kuta tulizijenga kwa matofali ya udongo. Sakafu ikawa udongo ulioshindiliwa, umeinuliwa kidogo maji ya masika yasiingie, juu yake nyasi kavu nene, za kubadilishwa kabla hazijanuka. Paa la nyasi lenye upenu mrefu. Wavu wa kuku tukauhamishia dirishani na mlangoni, wapate hewa na kicheche asipate njia. Oili chafu marufuku. Pembeni tukamwaga jivu kwa ajili ya siafu.

Halafu akaanza kupanga vyombo, na hapo ndipo nilipomsikia anaimba tena, chini chini. Alikwenda kwa jirani mrina asali akaomba mzinga wa gogo uliopasuka. Nikamkatia kipande, akakilaza ndani kiwe maficho, na akasisitiza pande zote mbili ziwe wazi, maana kwenye maficho yenye mlango mmoja, mwenye nguvu humfungia mnyonge. Maji akaweka kwenye chungu kizito wasiweze kukipindua. Akatupia matawi ya mpera ya kutafuna. Dume akamjengea kikuta chake, aweze kuwasikia wenzake bila kumsumbua mwenye mimba. Kila kitu alikiweka akiwa amelala kifudifudi, shavu chini, anatazama kutoka kule ndani. Nilimuuliza anatafuta nini. "Naangalia wanachoona wao," akasema.

Haikupita muda mrefu. Asubuhi moja nilikuwa nakata majani ya mahindi, yakachakacha, na nyuma ya jiko zikapigwa kelele, wii, wii, ungedhani wanauawa. Skolastika alitoka ndani mbio, ameshika mdomo, anacheka huku machozi yanamtoka.

Yule mweusi nyayo zilipona, akazaa. Watoto wa simbilisi, kama hujaona, huzaliwa na manyoya na macho wazi, wanatembea siku hiyo hiyo. Mama alipita kuchungulia akapigwa na butwaa. "Hawa wamekuja wameshaamka!" akasema. Jikoni kwake hakuwaruhusu kamwe, hilo nisikudanganye. Mpaka Mungu anamchukua alikuwa anawaita panya. Lakini maganda yote ya jikoni yalikuwa yanakwenda nyuma ya ukuta, na wakimpigia kelele alikuwa akiwajibu kwa Kisukuma, wangoje zamu.

Mishamo nilimpeleka, kama nilivyoahidi. Tukakaa kwao siku kadhaa, nikalima shamba la mama yake, na usiku sikulala vizuri. Sikumuuliza uamuzi wake. Asubuhi moja nikamkuta amesimama nje na mzigo kichwani. Akaniambia, "Twende, Masanja. Mama yako peke yake hawezi kuwanyamazisha wale." Nilitembea nyuma yake mpaka kituoni, ili asinione uso.

Sasa nasaha yangu hii hapa, uibebe pamoja na nyundo. Nyumba njema si mlango. Ukimjengea kiumbe, mdogo au mkubwa, mwenye manyoya au mwenye kitenge, usisimame nje ukahesabu sifa za wapita njia. Lala chini kwanza, utazame kutoka kwake yeye. Wavu usiwe sakafu, bati usilipatie kazi ya nyasi, na usiwape chumba kitupu ukakiita kisafi; kila anayeishi anahitaji pa kujificha, pa kutokea, na kitu cha kutafuna. Na siku utakapooa, au utakapowekwa mkubwa juu ya watu, wakakujibu "sawa" kwa kila neno, usijisifu. Kaa sakafuni uulize. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule wangu, wa kusikia kimya nikadhani nimechunga.

Haya, nenda ukajenge. Mwenyezi Mungu akubariki mikono na akufungue masikio. Akupe mke, au mume kwa anayesikia haya akiwa binti, atakayekupinga mezani bila woga. Akupe watoto wa kukuita kabla hujavua viatu. Na nyumba yako, mwanangu, aijalie kelele.