Neno la Mwisho Aliloacha Lavinia

Idella Stroud alishona mavazi ya jumba la maigizo la Pruitt's Landing, mji wa mtoni huko Missouri, kwa miaka arobaini na moja, na hakuna aliyewahi kumwomba maoni juu ya jambo lisilo na vifungo. Hakulalamika. Kwao walikuwa wasaga unga, na kituko chao kilikuwa kimoja tu. Mtoto akijificha akafumaniwa, aliambiwa maneno yale yale aliyoacha Lavinia, mama wa bibi yake Idella, na hata wasichana waliitwa "mume wangu". Lavinia aliwahi kuwa mwigizaji kabla ya kuolewa, ila hayo hayakuzungumzwa mbele ya wageni.

Idella alipotimiza miaka sabini na mitatu, likaibuka sanduku chini ya ngazi za maktaba. Ndani yake mlikuwa na kichekesho kilichoandikwa kwa mkono na yule mwandishi mkubwa ambaye sanamu yake inalinda benki ya mji. Kilichezwa mara moja tu, kisha mto ukafurika, na dunia ikakisahau. Mji mzima ukaingiwa na wazimu wa furaha, ukaamua kukicheza tena.

Tatizo lilikuwa ukurasa wa mwisho. Mume ameshinda kutwa ndani ya pipa la unga ili asikie mkewe anavyomsema. Anatoka mweupe pe, anauliza, "Umejua tangu lini kwamba nimo humu?" Chini yake ni patupu. Waigizaji wa kale waliamini kwamba neno la mwisho likitamkwa kabla ya onyesho la kwanza, mchezo umepata nuksi. Mwandishi huyu aliogopa hata kuliandika; alimwambia mwigizaji wake kwa mdomo tu.

Idella alikuwa amepiga magoti akipima pindo aliposikia swali hilo mazoezini. Pini zikamtoka mkononi. Jibu walikuwa nalo kwao miaka yote, wakilitumia kila siku kama kijiko.

Garland Pike, mwongozaji, alikwisha kutunga mwisho wake mwenyewe, tena mbaya. Idella akamfuata.

"Nina neno la mwisho. Yule mke aliigizwa na Lavinia wetu."

"Haya, liseme."

"Kabla ya onyesho la Jumapili? Unataka paa lituangukie?"

Pike alitupia paa jicho. Ni msomi, lakini hajawahi kupiga mluzi nyuma ya jukwaa hata siku moja, maana waigizaji husema mluzi huo huleta nuksi.

"Ukikosea, Bi Idella, tutachekwa mpaka tuzikwe."

"Ni kichekesho, Garland. Waache wacheke."

Akaliandika kwenye karatasi, akaishonea ndani ya mfuko wa aproni ya Merrilee Hoke, aliyeigiza mke. Jumapili alasiri mume akatoka pipani, akauliza. Merrilee akakata uzi, akatoa karatasi, akasoma.

"Tangu asubuhi, mume wangu. Lakini nyumba ilikuwa imetulia vizuri."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nyuma ya pazia midomo ya Idella ilikuwa imekwenda sambamba na ya Merrilee, neno kwa neno. Aliingiwa na kicho, kama mtu aliye kanisani. Watu mia tatu walikuwa wanacheka kicheko cha nyumbani kwa kina Idella.