Pumzi Niliyoiita Ufundi

Tulipiga pamoja miezi saba tu, mimi gitaa, yeye tarumbeta, katika bendi ya dansi ya Temeke. Alikuwa mtu wa kusini, kuli wa bandarini, na tarumbeta alijifunzia jeshini wakati wa vita. Alikuwa akikohoa tangu siku ya kwanza. Sikujali, makuli wote walikohoa vumbi la saruji. Kumbe kikohozi hicho ndicho kilichokuwa kikimuua, nami nimekaa naye goti kwa goti.

Jumapili mchana tulijifungia chumbani kwangu kutunga. Mwanzoni alipuliza kama wenzake wote, sauti ndefu za kujaza nyumba. Kisha akaanza kukata. Noti tatu, kimya, noti mbili, kimya tena. Nikaona huyu bwana ni fundi kweli. Nikawa natia gitaa kwenye ile mianya, na tukapata mtindo ambao hakuna bendi nyingine mjini iliyokuwa nao. Wachezaji walibabaika kwanza, halafu wakaupenda. Bendi za Kariakoo zikaja kutuchungulia. Nilivimba kichwa, sifichi.

Siku moja alipiga kipande kirefu bila kukata, akakifikisha mwisho mishipa ya shingo ikiwa imemsimama. Nikamkaripia.

"Unaturudisha nyuma. Kata kama ulivyozoea."

Akafuta midomo kwa leso, akaikunja upesi. "Mie nilitaka kujua tu kama bado naweza, kaka."

Nilidhani anaringa.

Mwezi wetu wa saba akaja kuniambia daktari kamkataza kupuliza, ana kifua kikuu. Jumamosi alasiri tulikuwa na dansi, na watu walikuwa wakitungoja sisi wawili. Nikambembeleza apige hiyo moja tu. Akapiga. Mianya ilikuwa mirefu kuliko siku zote, nami niliijaza vizuri kuliko siku zote. Watu wakataka turudie, tukarudia. Baada ya wiki tatu tukamzika.

Hitima ilipokwisha, mkewe aliniita uani.

"Shemeji, mie usiku nilikuwa nasikia kifua chake kinavyokoroma. Nyie Jumapili mlikuwa mnakaa pamoja kutwa nzima. Wewe hukusikia?"

"Sikusikia, shemeji."

Nilimdanganya mjane na eda yake. Kila pumzi iliyomkatika niliisikia, tena nilifurahi, maana ilinipa nafasi ya gitaa.